Umri Niliouandika kwa Mkono Wangu

Kadi ya mgao wa chakula ililetwa mezani kwangu na mama mmoja wa Kibembe, asubuhi ya siku ya kugawa unga, akaiweka juu ya daftari langu bila kusema neno. Ilikuwa mwaka 2000, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, nami nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu niache ualimu wa shule ya msingi na kuajiriwa na shirika lililohudumia watoto waliovuka Ziwa Tanganyika bila wazazi. Kadi hiyo ilikuwa ya kijana aliyeondoka usiku pamoja na wanaume watatu aliowaita wajomba zake, na kila mtu katika mtaa ule wa kambi alijua kwamba wajomba hao walikuwa wakitafuta vijana wa kurudi nao vitani ng'ambo ya ziwa. Kwenye mstari wa umri paliandikwa miaka 18, na mwandiko ulikuwa wangu.

Nakumbuka vizuri jioni niliyoiandika. Boti za kutoka upande wa Fizi, ng'ambo ya ziwa nchini Kongo, zilikuwa zimeshusha watu wengi juma lile, na malori yaliyowatoa Kigoma yalifika kambini jua likiwa limeshazama, tukawa tunaandikisha kwa mwanga wa karabai. Kijana yule alisimama mbele yangu akiwa amevaa koti la mtu mzima ambalo mikono yake ilimfunika vidole, na sauti yake ilikuwa bado ya kitoto. Nilipomwuliza umri alijibu bila kusita kwamba ana miaka 18. Njiani alikuwa ameshaambiwa na wenzake jambo ambalo mimi pia nililijua: kwamba mtu mzima asiye na familia hupewa kadi yake mwenyewe na kiwanja cha kujenga kibanda, ilhali mtoto aliye peke yake hupelekwa kwanza katika familia ya kumlea, na hajui atakula kwa nani wala atatumwa nini. Nyuma yake kulikuwa na foleni ndefu ya kina mama wenye watoto mgongoni. Nikaandika nilichoambiwa.

Yule mama aliyeleta kadi alitoka kijiji kimoja na kijana huyo. Aliponiona nimenyamaza, alisema, "Mwalimu, ule mutoto alizaliwa mwaka Papa alirudia Zaire mara ya pili, mwaka walimutangaza Anuarite mwenye heri. Mie nilikuwa na mimba ya binti yangu." Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Anuarite, mtawa wa Kikongo, kuwa mwenye heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza kama mwanafunzi wa darasa la pili. Kijana aliyechukuliwa na wajomba alikuwa na miaka 14, au pengine alikuwa ametimiza 15 siku chache kabla ya kuondoka.

Msimamizi wangu, mtu mwema aliyenipenda kama dada yake, alinituliza kwa kusema kwamba nisijilaumu kwa kuwa kijana mwenyewe ndiye aliyetaja umri wake na mwenyewe ndiye aliyeamua kuondoka. Aliyasema kwa nia njema. Hata hivyo, tangu siku ile nimeyasikia maneno hayohayo kwa zaidi ya miaka 20, katika vinywa vya makamanda, wazazi, wajomba, maofisa na watoto wenyewe, na nimefikia mahali pa kuamini kwamba kila mtu anayetaka kuchunguza kwa dhati jinsi watoto wanavyoingizwa katika majeshi hana budi kuanza na maneno hayo mawili: mwenyewe alisema, mwenyewe alitaka.

Kuhusu kusema umri, nilibadilisha namna yangu ya kufanya kazi juma lilelile. Sikuuliza tena "una miaka mingapi" kwanza. Nilimwomba mtoto anisimulie nyumbani kwao, mdogo wake anamfuata kwa mvua ngapi, alikuwa darasa la ngapi shule ilipofungwa, alikuwa anaweza kubeba nini wakati askari wa Kabila walipopita kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Kwa watoto wa Burundi tuliuliza alikuwa amebebwa mgongoni au anatembea mwenyewe Rais Ndadaye alipouawa, Oktoba 1993. Kwa wenzetu wa upande huu, tulikuwa na mwaka wa kuzama kwa MV Bukoba, mvua za El Niño, na msiba wa Mwalimu Nyerere. Niliyaandika matukio hayo kwenye karatasi moja ndefu nikaibandika ukutani, na kwa karatasi ile nilimpata mtoto wa miaka 13 ndani ya mtu aliyejiita wa miaka 17. Daktari wa kambi aliniambia kwamba hata picha ya mifupa ya kifundo cha mkono inaweza kukosea kwa mwaka mzima au miwili, na kwa hiyo mama aliyekumbuka mimba yake alikuwa shahidi bora kuliko mashine.

Mwaka mmoja au miwili huonekana kitu kidogo mpaka mtu asome sheria. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao karibu mataifa yote yameuridhia, unamtambua mtoto kuwa mtu wa chini ya miaka 18, lakini katika ibara yake ya 38 unakataza kuandikisha jeshini wale tu walio chini ya miaka 15. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ulioanza kutumika Novemba 1999, haukuacha upenyo huo: kwake, mtoto ni wa chini ya miaka 18, na mtoto haandikishwi. Itifaki ya Nyongeza kuhusu watoto katika vita ilipitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 25 Mei mwaka uleule wa 2000 ikaanza kutumika tarehe 12 Februari 2002, nayo inasema kwamba vikundi vya waasi visimchukue mtu wa chini ya miaka 18 kwa hali yoyote. Kijana wangu wa kadi alikuwa amesimama mahali palepale ambapo mistari hiyo inapishana. Kwa mstari mmoja alikuwa mtoto bila shaka. Kwa mwingine ilitegemea amezaliwa mwezi gani. Na kwa karatasi niliyompa mimi alikuwa mwanamume ambaye hakuna sheria hata moja inayomtazama.

Jambo jingine lililonisumbua, na ambalo sijaona likisemwa vya kutosha, ni kwamba lugha yetu wenyewe ndiyo iliyowapa watoto hao jina lililosambaa duniani. Majeshi ya AFDL, muungano wa waasi ulioongozwa na Laurent-Désiré Kabila, yaliyotoka Kivu mwishoni mwa 1996 na kuingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997 yalikuwa na watoto wengi, baadhi wakiwa hawajafikia hata miaka 12, na watu waliwaita kadogo. Ni neno la upole. Ndivyo bibi anavyomwita kitinda mimba anapompakata. Hapa Kigoma nililisikia sokoni na bandarini likitamkwa kwa tabasamu, mtu akisimulia jinsi kadogo fulani alivyoburuta bunduki iliyomzidi kimo, kana kwamba anasimulia ujanja wa mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Upole wa neno hilo ulifunika kitu cha kutisha, na Laurent-Désiré Kabila mwenyewe, aliyepigwa risasi ofisini kwake tarehe 16 Januari 2001, anatajwa kuuawa na mlinzi aliyetokana na vijana haohao waliokulia vitani. Mimi niliacha kulitumia neno kadogo kazini. Nilisema mtoto.

Wala tusijidanganye kwamba balaa hili limeletwa na wageni peke yao. Mimi ni mzaliwa wa Urambo, mkoani Tabora, na nimekua nikisikia fahari ya Mtemi Mirambo na rugaruga, wapiganaji wake, walioitikisa njia yote ya msafara kutoka Unyanyembe hadi ziwani. Stanley, msafiri Mzungu aliyekutana na Mirambo mwaka 1876, aliandika kwamba mtemi huyo alisema anawapenda vijana wadogo vitani kwa sababu macho yao ni makali na viungo vyao ni vyepesi, ilhali watu wazima huwakumbuka wake zao. Naiheshimu kumbukumbu ya Mirambo, lakini nilipoyasoma maneno hayo nikiwa mtu mzima, baada ya miaka kadhaa ya kukaa na watoto waliorudi kutoka porini, nilitambua kwamba yalikuwa sababu zilezile nilizozisikia kambini. Mtoto anachaguliwa kwa kuwa hajui kuogopa kwa kiasi cha mtu mzima na hana nyumba inayomvuta kurudi. Hachaguliwi kwa sababu hakuna wengine.

Sasa nije kwenye neno la pili, la kutaka. Kati ya watoto waliokuwa wamepitia vikundi vya silaha ambao nilizungumza nao kwa miaka niliyokaa kambini, wengi hawakusema wametekwa. Wapo waliotekwa, walionyakuliwa njiani wakitoka shule au wakiwa wanachunga mbuzi, na habari zao ni rahisi kueleweka na kila msikilizaji. Lakini wengi walisema, "Nilienda mie mwenyewe, hakuna mutu alinisukuma." Walisema hivyo kwa kiburi kidogo, wakinitazama usoni, na kwa muda mrefu sikujua nifanye nini na jibu hilo, kwa sababu lilikuwa kweli. Sikutaka kuwa mtu anayemwambia mtoto kwamba hakutaka alichosema alitaka.

Nilichojifunza ni kurudi nyuma pamoja naye, siku moja kabla ya siku ile aliyokwenda. Mmoja aliniambia kwamba siku hiyo alikuwa amelala njaa kwa usiku wa pili, na askari waliopiga kambi jirani walikuwa wanachemsha muhogo. Mwingine alisema baba yake alikuwa ameuawa na waliomwua walikuwa wanapita mbele ya nyumba kila siku, na mama yake alikuwa akimtazama yeye, mtoto wa kiume wa kwanza, bila kusema kitu. Watatu walisema shule ilikuwa imefungwa na marafiki wote wameshakwenda, na mtu aliyebaki aliitwa mwanamke. Mmoja alitumwa na baba yake mzazi, kwa sababu kila nyumba ilitakiwa itoe mtu na kaka yake mkubwa ndiye aliyekuwa anavua samaki wa kulisha familia. Huyo pia alisema alikwenda mwenyewe, na nilipomwuliza kama angeweza kumjibu baba yake kwamba haendi, alicheka, akasema, "Baba anatuma, mutoto anakataa namna gani?"

Kwa hiyo swali la kama mtoto alitaka halina maana mpaka liulizwe pamoja na lingine: je, kulikuwa na kitu kingine alichoweza kukitaka? Nikiwa mwalimu niliwahi kuwapa watoto wa darasa la nne sahani moja ya mihogo na kuwaambia wachague, wakacheka kwa sababu walielewa mara moja kwamba hapakuwa na uchaguzi. Watoto wa darasa la nne walilielewa jambo hilo, na bado nimekaa katika vikao vya watu wenye shahada ambavyo neno "kujitolea" liliandikwa kwenye taarifa bila mtu yeyote kuuliza.

Nina kosa la pili la kueleza, na hili lilinichukua muda mrefu zaidi kulitambua. Fomu tuliyotumia mwanzoni ilikuwa na swali lililouliza kama mtoto alibeba silaha. Msichana mmoja, aliyekuwa na miaka kama 15, alijibu hapana, na nikaandika hapana, na kwa jibu hilo akaondolewa katika orodha ya waliotakiwa kupata huduma ya ushauri na mafunzo ya ufundi. Alikuwa amekaa na kikundi kimoja milimani kwa karibu miaka miwili. Alikuwa anapika, anachota maji, anabeba masanduku ya risasi kichwani, na usiku alikuwa wa mkubwa mmoja ambaye hakuwahi kumtaja kwa jina. Hayo yote niliyajua miezi minane baadaye, si kwa sababu nilimwuliza, bali kwa sababu mtoto aliyezaliwa alianza kuugua na yeye akahitaji mtu wa kumsindikiza zahanati. Mwaka 2007, kwenye mkutano wa Paris, mataifa mengi yalikubaliana juu ya kanuni zinazosema wazi kwamba mtoto aliyeingizwa jeshini ni pamoja na mpishi, mchukuzi, mjumbe, mpelelezi na msichana aliyetumiwa kwa ngono, awe amebeba bunduki au hakubeba. Nilipozisoma nilimkumbuka yule binti, na nilijua kwamba sisi tuliokaa mezani ndio tuliomfuta, kwa swali lililotungwa na mtu aliyefikiri kwamba vita ni ya wenye bunduki tu.

Ndiyo maana tarehe 14 Machi 2012 nilikaa karibu na redio tangu mchana. Siku hiyo Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ICC, mjini The Hague, ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa, na mshitakiwa alikuwa Thomas Lubanga, kiongozi wa kikundi cha silaha cha Ituri, mashariki mwa Kongo, aliyepatikana na hatia ya kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani kati ya 2002 na 2003. Baadaye alihukumiwa kifungo cha miaka 14. Nilifurahi, na nilipopata nafasi ya kuisoma habari yake kwa urefu nilikuta mambo mawili yaliyonigusa kuliko adhabu yenyewe. La kwanza ni kwamba majaji walikataa hoja ya kutaka: mtoto wa chini ya miaka 15 hawezi kutoa ridhaa ya kwenda vitani, hata akisema amekwenda mwenyewe, na anayempokea hawezi kujikinga kwa maneno hayo. La pili lilinitia uchungu. Ushahidi wa karibu vijana wote walioletwa mahakamani kama watoto waliokuwa askari uliwekwa kando, kwa sehemu kubwa kwa sababu watu wa kati waliowatafuta na kuzungumza nao kabla ya kesi hawakuaminika, na majaji waliegemea zaidi picha za video ambazo watoto walionekana wazi kwamba ni wadogo. Mimi nilikuwa mtu wa kati. Najua jinsi mtu aliyekaa baina ya mtoto na karatasi anavyoweza kuliharibu neno la mtoto, kwa hila au kwa haraka tu, na najua pia kwamba lawama ya baadaye humwangukia mtoto kwamba ni mwongo.

Wapo wasomaji watakaodhani kwamba haya ni mambo ya nchi zenye vita. Itifaki ile ya mwaka 2000 inaziruhusu serikali kupokea wanaojitolea kabla ya miaka 18, na Uingereza mpaka leo inawapokea tangu wakiwa na miaka 16, ambapo Marekani inawapokea wakiwa na 17, kwa ridhaa ya mzazi. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto imeishauri Uingereza zaidi ya mara moja ipandishe umri huo hadi 18. Sisemi kwamba mwanafunzi wa chuo cha jeshi cha Harrogate yuko katika hali ya kijana wangu wa Fizi. Analala kitandani, analipwa, na hapelekwi mstari wa mbele kabla ya kutimiza 18. Nasema kwamba Itifaki yenyewe imeweka masharti kwa nchi zinazofanya hivyo: kujitolea kuwe kwa kweli, mzazi au mlezi aridhie huku akijua, kijana aelezwe wajibu wote unaomngoja, na umri wake uthibitishwe kwa njia ya kuaminika. Ni masharti mazuri, na niliyasoma nikiwa nimekaa kwenye benchi ambalo juu yake nilikuwa nimeyaona yote manne yakivunjika, mzazi akiridhia kwa sababu ya njaa, mtoto akielezwa habari za viatu na nyama lakini si za kuua, na umri ukithibitishwa na mimi. Anayeniambia kwamba katika nchi tajiri masharti hayo hayavunjiki, namwomba aangalie ni watoto wa nyumba zipi wanaoandikishwa wakiwa na miaka 16.

Sina chuki na jeshi. Kaka yangu alikwenda vita vya Kagera mwaka 1978 akiwa na miaka 24, akarudi, na tulimpokea stesheni ya Tabora kwa vigelegele. Vijana wa mtaa wetu wanaorudi kutoka JKT Bulombora hurudi mabega yamenyooka na wanajua kuamka mapema, na mama zao hufurahi. Tanzania ilipojiunga na Itifaki hiyo mwaka 2004 ilitamka kwamba umri wa chini kabisa wa kujiunga kwa hiari na majeshi yetu ni miaka 18, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu wa chini ya umri huo. Naliona hilo kuwa jambo la kuheshimika kwa nchi maskini iliyozungukwa na vita. Lakini tamko la Dodoma au la New York hulindwa au huvunjwa katika chumba kidogo chenye meza, muhuri na mtu mmoja anayejuana na wazazi wa kijana, na tangu mwaka 2014, nilipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa mtaa hapa Ujiji, mtu huyo amekuwa mimi.

Mwaka 2018, lilipotoka tangazo la nafasi za jeshi, alikuja nyumbani kwangu mwanamume ninayemheshimu, fundi wa boti, akiwa na mtoto wa marehemu kaka yake. Aliamkia, akakaa, akasema anaomba barua ya utambulisho, na kwa kuwa kijana hana cheti cha kuzaliwa nimwandikie kwamba ninamfahamu na ana miaka 18, ili wakaape kiapo cha kuzaliwa. Kijana alikuwa mrefu kuliko sisi wote wawili. Alikuwa ameacha shule kidato cha pili.

"Mwalimu," alisema yule mzee, "mtoto mwenyewe ndiye anayetaka. Mwulize."

Sikumwuliza kijana. Nilimtuma mjukuu wangu akamwite mama wa kijana. Alikuja akiwa na unga wa muhogo mikononi, na nilipomwuliza alijifungua lini, alijibu kwamba alijifungua majuma machache baada ya ajali ya treni ya Igandu, wakati bado watu wa hapa walikuwa wanangoja habari za ndugu zao. Ajali ile ilitokea Juni 2002. Kadi ya kliniki aliyoitoa kwenye kasha ilikuwa imeliwa na mende pembeni, lakini mwaka ulisomeka. Kijana alikuwa na miaka 16.

Yule mzee alikasirika, na sikumlaumu. Aliniambia kwamba ninamnyima yatima chakula, kwamba yeye ana watoto saba, kwamba kijana akikaa mtaani miaka miwili atakuwa mwizi wa nyavu na lawama itakuwa yangu. Hayo yalikuwa maneno mazito kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake: kumwambia mtoto "bado" bila kumwonyesha mahali pa kukaa wakati akingoja ni kumwacha palepale wajomba wanapopita. Nilimwambia kwamba barua sitaandika, lakini nitashughulika na jambo hilo pamoja naye. Ilituchukua safari nne kwenda ofisi ya wilaya mpaka cheti cha kuzaliwa kikatoka, chenye tarehe yake ya kweli, na katika muda huo mzee mwenyewe, baada ya kuninunia kwa mwezi mzima, alimchukua kijana kwenye karakana yake ya Kibirizi akaanza kumfundisha kufungua injini za boti. Kwa majirani wengine wawili waliokuja na ombi kama hilo sikufanikiwa hivyo. Mmoja alikwenda akapata barua kwa njia nyingine, na sijui alichoandikiwa.

Kijana alirudi kwangu mwaka 2020, muda si mrefu baada ya kutimiza miaka 18, cheti kikiwa ndani ya bahasha ya plastiki. Baba yake mdogo alikuja naye lakini safari hii alibaki nje barazani, akizungumza na mume wangu. Nilimwuliza kijana mambo ambayo nimezoea kuuliza: anajua nini juu ya kazi anayoiendea, nani nyumbani hataki aende, atafanya nini asipochaguliwa, na kama yuko tayari kutumwa mahali ambapo atatakiwa kumlenga mtu. Alijibu vizuri mpaka swali la mwisho. Hapo alinyamaza, akatazama mikono yake yenye mafuta ya injini, halafu akasema, "Mama, naomba siku mbili nifikirie hilo."

Nilimwambia achukue siku anazotaka. Katika miaka yote niliyokaa na wale watoto wa kambini, sikumbuki hata mmoja aliyewahi kunisimulia kwamba aliomba siku mbili akapewa.

Alikuja siku ya tatu asubuhi, peke yake, kabla sijamaliza kufagia uwanja. Alisema amezungumza na mama yake na anakwenda. Nikatoa karatasi na kalamu, nikakiweka cheti chake pembeni ya barua, na nilipofika kwenye mstari wa umri nilinakili kwanza tarehe, kisha mwezi, kisha mwaka, halafu ndipo nikaandika miaka 18.